Meza ya Viti Sita

Siku tatu kabla ya arusi yetu nilimwahidi mke wangu kwamba katika nyumba yetu hatakula hata siku moja akiwa amesimama. Hakuniomba ahadi hiyo. Tulikuwa tumeketi kwenye nyasi nyuma ya kanisa, mjini Nyeri, tukimngoja mhubiri aliyetakiwa kutupa mafundisho ya ndoa, naye akawa ananisimulia, kwa kupitisha wakati tu, jinsi mama yake alivyokuwa akila: baada ya watu wote, ameegemea mwimo wa mlango wa jiko, bakuli mkononi, sikio moja likisikiliza kama kuna anayemwita. Alisema hakumbuki kumwona mama yake akimaliza chakula kingali na joto.

Nilisikia uchungu mkubwa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka huo huo, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nchi iliyojitawala haiwezi kuendelea kuwa na akina mama wanaokula mlangoni.

"Wewe utakula umeketi," nikamwambia. "Mezani, pamoja nami na watoto, chakula kikiwa moto."

Alinitazama. "Watoto gani?"

"Watakaokuja."

"Haya, Mwalimu," akasema. "Tutaona."

Neno hilo la mwisho nililipokea kama shukrani.

Lazima nieleze kwamba fikira ya meza sikuibuni mwenyewe. Chuoni tulikuwa na mkufunzi wa somo la malezi, mseja, ambaye alipikiwa na kupakuliwa na mpishi wa chuo mara tatu kwa siku. Mkufunzi huyu alituchorea ubaoni familia ya kisasa ikila chakula cha jioni. Baba alikuwa upande mmoja wa meza, mama upande wa pili, watoto katikati wakiwa wamenyoosha migongo, na mbele yao jagi la maji na chombo cha maua. Nilinakili mchoro huo kwa uangalifu, hata maua. Kwetu hatukula hivyo. Baba yangu alikula peke yake katika nyumba yake ya mbele, nasi tukala na mama jikoni. Bakuli la baba lilipelekwa limefunikwa, na liliporudi lilikuwa na kipande cha kiazi au cha nyama alichokiacha makusudi, ambacho tulikipigania kama fisi. Katika daftari langu la malezi niliandika kwamba desturi hiyo ni ubwana, na nikapigia mstari.

Kitu cha kwanza nilichonunua baada ya arusi, kabla ya kitanda cha maana, kilikuwa meza. Seremala aliuliza tuko wangapi nyumbani. Nikamwambia tuko wawili.

"Na viti?"

"Sita."

Akapima ubao. "Basi una kazi nyingi, kijana," akasema.

Miaka sita baadaye viti vitano vilikuwa na wenyewe. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitano, binti aliyemfuata mitatu, na mdogo wao, binti pia, miezi kumi. Tulikaa katika nyumba za serikali karibu na shule niliyofundisha, na juu ya meza, ukutani, nilikuwa nimebandika karatasi ya manila yenye kanuni tatu. Ya kwanza: mtu asianze kula kabla wote hawajaketi. Ya pili: mtu asiseme chakula kikiwa kinywani. Ya tatu: mtu asiinuke kabla wote hawajamaliza. Niliziandika kwa ule mwandiko mzuri ninaoutumia kwa darasa la saba. Wale watatu waliokusudiwa na kanuni hizo hawakujua kusoma.

Jioni ya kawaida ilikwenda hivi. Saa moja kamili mke wangu aliweka githeri, mahindi na maharage, mezani, nasi tukaketi. Yeye alipoketi alikumbuka kwamba maji yamesahauliwa, akainuka. Kwa kuwa kanuni ya kwanza ilituzuia, tulimngoja. Mwanangu alikalia mikono yake, kama nilivyomfundisha, akaitazama sahani kwa macho ya mtu aliyeachwa na basi. Mke wangu alirudi na maji. Kitoto kikatupa kijiko chini. Akainuka. Binti wa miaka mitatu alitaka sahani nyekundu, na sahani nyekundu ilikuwa kwa kaka yake. Shauri hilo nililiamua kwa haki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa sahani ni ya binti, siku nyingine ni ya kaka. Hukumu ilikuwa nzuri, ila binti hakujua siku za wiki, akaikatia rufaa kwa mayowe. Kisha tukasali. Sala yangu siku hizo ilikuwa ndefu, kwa maana niliiombea nchi pia. Nilipofika kwa mawaziri binti akatangaza kwamba anataka kwenda choo, na choo kilikuwa nje, ng'ambo ya bustani ya sukuma wiki. Mke wangu akainuka, akambeba. Mimi nikabaki mezani kulinda kanuni.

"Mama watoto, keti," nilimwambia kila jioni. "Keti tafadhali. Mambo mengine yatangoja."

"Yataje," aliniambia siku moja, mtoto akiwa ubavuni, mwiko mkononi. "Nitajie yale yanayoweza kungoja."

Nikafikiri, nikasema maji yanaweza kungoja. "Haya," akasema, akaketi. Papo hapo binti akapaliwa na punje ya mahindi, na mama yake akainuka mbio kuleta maji.

Usidhani sikuhangaika. Nilihangaika sana. Nilieleza faida za mboga kwa watoto ambao walikuwa wakizitumia kupaka meza. Mukimo, ule mseto wa viazi na mboga, ambao mke wangu aliuponda kwa mikono miwili kwa muda mrefu, mwanangu aliugeuza kuwa Mlima Kenya, akamwaga chumvi kileleni, kisha akakataa kuula kwa sababu, alisema, Mungu anakaa hapo. Nikiwa mwalimu nilifurahi kwamba anajua jiografia. Nikiwa baba, tena mwenye njaa, nilimwambia kwamba asipomaliza atalala hapo hapo mezani. Alilala kweli, shavu kwenye theluji.

Jirani yetu, ambaye tulitenganishwa naye kwa ukuta mmoja tu, alikuwa polisi kutoka upande wa magharibi. Jioni moja alibisha hodi akiwa na fulana na suruali ya kazi, rungu mkononi.

"Mwalimu, kuko nini hapa? Mimi nimesikia ni kama mtu anauawa."

"Ni chakula cha jioni, afande," nikamjibu.

"Chakula?" Alichungulia. Mwanangu alikuwa chini ya meza, binti yangu alikuwa juu ya meza. Macho ya afande yakapanda ukutani, naye akazisoma kanuni zangu kwa sauti, akifuata kwa kidole, kama mtu anayemsomea mshtakiwa mashtaka. "Ati mtu asiinuke. Na mama wa hapa yuko wapi?"

"Yuko jikoni. Anakuja."

"Basi mkora wa kwanza ni yeye. Ushamwandikisha?" Akacheka mpaka rungu likamwanguka. "Wee Mwalimu! Kwetu watoto wanakula na mama yao jikoni, mimi nakula na redio. Na redio haijawahi kunimwagia mchuzi."

Jikoni mke wangu alicheka pia. Alicheka kwa muda mrefu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, na mwishoni sikuwa na hakika kama bado ni kicheko.

Mwaka huo alikonda. Mimi niliyekaa naye kila siku sikuona. Aliyeona ni muuguzi wa kliniki, mke wangu alipompeleka mtoto kupimwa. Muuguzi alimpima mtoto, kisha akampandisha mama kwenye mizani bila kuombwa, akamuuliza anakula nini. Mke wangu alijibu ukweli: anakula kinachobaki. Muuguzi alimwambia kwamba mama anayenyonyesha akila kinachobaki, maziwa yatakauka, na yakikauka kabla mtoto hajazoea chakula ataona mambo. Ale kwanza, ashibe, tena chakula chenye moto. Arudi baada ya mwezi.

Aliniambia haya akiwa amesimama, akimfuta binti uji masikioni.

Nilishtuka sana. Usiku huo huo sikula vizuri, na asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, nilichukua kalamu nikaongeza kanuni ya nne: Mama asiinuke.

Kanuni ya nne haikufika hata mwisho wa sala. Mke wangu aliisoma, akakunja mikono kifuani, akaketi kama anayepigwa picha. Kitoto kikaanza kujivuta kuelekea taa ya karabai. "Mwalimu," akasema bila kusogea, "je, kanuni inasema nani ainuke?" Kabla sijapata jibu alikuwa ameshainuka na kumdaka.

Nadhani ndipo alipomwandikia mama yake.

Mama mkwe wangu aliishi Wang'uru, ambako yeye na mumewe walilima mpunga. Alikuja Jumamosi moja, mabasi mawili na mwendo wa miguu kutoka stendi, kikapu cha kiondo mgongoni na gunia dogo la mchele kichwani. Alimtazama binti yake kwenye mlango, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, vidole vikakutana na kupitana. Alikwenda moja kwa moja jikoni, na alasiri nzima nilisikia wakiongea huko kwa sauti za chini na nikanusa kuku.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo hata sasa nikilikumbuka hutamani kujificha. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawaketi wakikabiliana, na chakula hawali mbele ya macho ya mwenziwe. Mama mkwe alikuwa amepanga mambo yake vizuri: mimi ningekula sebuleni, yeye na binti yake wangekula jikoni kwenye vigoda viwili, kando ya jiko la makaa, na angemwona kwa macho yake akila mpaka ashibe. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri kwa ajili ya jambo hilo tu. Lakini mimi niliona mwanamke ambaye alikula mlangoni maisha yake yote, na niliona kiti cha sita, ambacho hakijawahi kupata mwenyewe.

"Mama," nikamwambia, "katika nyumba hii hakuna anayekula jikoni."

Mke wangu alinivuta kando. "Mwalimu, tuache tule huku."

"Kwa nini? Mama si mtumishi."

"Si mtumishi. Ana njaa."

Nikadhani ananiunga mkono. Nilikivuta kiti cha sita, nikakipangusa kwa mkono, nikakiweka mkabala na changu kwa heshima. Mama mkwe hakuweza kukataa, maana kumkatalia mkwe ndani ya nyumba yake ni aibu kubwa kuliko njaa. Aliketi upande, nusu ya kiti, shuka mabegani, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa kanuni. Alimpakata mtoto mdogo, ambaye kwa desturi yetu amepewa jina lake. Wali ulikuwa ukifuka moshi. Watu sita, viti sita; na mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu tupate mtoto, alikuwa ameketi na mikono mitupu. Nilitoa hotuba fupi juu ya usawa. Nikasali. Nikasema karibuni.

Nilikula mimi na watoto.

Mama mkwe hakugusa kijiko. Mikono yake ilikuwa mapajani, chini ya mtoto. Binti yake hangeweza kula wakati mama yake ana njaa, kwa hiyo naye mikono yake ilikuwa mapajani. Nilisema karibuni mara ya pili, kwa sauti ya juu kidogo, kana kwamba tatizo lilikuwa kusikia. Moshi wa wali ukapungua, ukaisha. Watoto, ambao siku hiyo walikula vizuri kuliko siku nyingine zote kwa sababu kulikuwa na kuku, walimaliza.

Mwanangu alitaka kushuka. Akakumbuka kanuni ya tatu, ambayo nilikuwa nimemkaririsha, akaangaza sahani moja moja kama kiranja.

"Cucu hajamaliza," akasema. Nyanya yake hakugeuka. "Cucu, maliza. Usipomaliza utalala hapa mezani. Mimi nililala."

Mke wangu aliuma pindo la leso yake. Mama mkwe akainamia mtoto aliyempakata na kusema naye kwa upole, maana kwa mtoto angeweza kusema asiyoweza kuniambia mimi.

"Wajina wangu, umesikia? Nimepanda mabasi mawili nije nilale mezani." Mtoto akamshika pua. "Ee, cheka. Sasa wewe una ulimi wa kuongea na wakubwa, mimi sina. Mwambie baba yako mpunga huu niliupanda mwenyewe, maji yakiwa hapa magotini, kwa hiyo utamu wake naujua. Sikuja kuuonja. Nimekuja kumwona mama yako akila. Mwambie tunashukuru sana. Kiti amepewa. Chakula bado."

Ningependa kuandika kwamba nilielewa mara moja. Ukweli ni kwamba jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa na vipengele vitatu. Kilichoniokoa ni kwamba mke wangu alikuwa akinitazama, na kwa mwanga wa karabai niliiona mifupa ya mabega yake. Nikafunga mdomo. Nikainuka. Nikamchukua mtoto mdogo kutoka mapajani mwa nyanya yake bila kumtazama usoni, nikawaita wale wawili, nikabeba wali na mchuzi uliopoa kwenda kuupasha tena. Mlango wa jiko nikaufunga nyuma yetu baada ya kuwarudishia sehemu yao ikiwa moto, nikiwa nimegeuza macho kama inavyotakiwa.

Jikoni kulikuwa na vigoda viwili, na sisi tulikuwa wanne. Wale wakubwa wawili, ambao walikuwa wamemaliza mezani, walipoona wali unafuka upya waliona njaa upya. Mdogo alikuwa hajala kitu. Nilimkalisha pajani na kumpa kijiko cha kwanza, akakirudisha chote kwenye tai yangu. Binti akataka sahani nyekundu, iko wapi? Mezani. Mwana akataka maji. Maji yako wapi? Nje, kwenye pipa. Nilipotoka kuyachota binti alianza kulia kwamba ameachwa, niliporudi mdogo alikuwa ameingiza mkono kwenye unga wa ugali, mpaka kiwiko. Mwana alinieleza, kwa subira ambayo sikuitegemea, kwamba dada yake hali mpaka umhesabie: kijiko kimoja, viwili, vitatu, na ukikosea unaanza tena. Mdogo naye, alisema, lazima umpulizie chakula, hata kama kimepoa, kwa sababu yeye anapenda upepo. Nilikuwa nimekaa nao meza moja miaka yote hiyo, wala sikuyajua hayo.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu nilihesabu mara nilizoinuka. Nilipofika kumi na moja niliacha.

Kutoka upande wa pili wa mlango mwanzoni sikusikia kitu. Kisha nikasikia vijiko. Kisha sauti ya mama mkwe, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda namna hiyo, ikisimulia habari ya jirani yao wa Wang'uru na bata waliovamia kitalu cha mpunga, na mke wangu akicheka, na safari hii hapakuwa na shaka kwamba ni kicheko. Baadaye kidogo mlango ukafunguka nafasi ya mkono mmoja, na kwenye mkono ule kulikuwa na sahani tupu.

"Mwalimu," mke wangu akasema, "wali bado upo?"

Ulikuwepo. Nilimpakulia kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kwenye mkono wa pili, na nilimpakulia mwingi.

Mama mkwe aliondoka Jumatatu alfajiri. Hakuniambia chochote, alimwambia wajina wake kwamba wali ulikuwa mtamu. Jioni ile mke wangu alipakua chakula kama kawaida, akasimama katikati ya meza na jiko, akaniuliza, "Na leo?" Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Nilikuwa na nia ya kumweleza kwamba mambo ya Jumamosi yalikuwa heshima kwa mgeni. Alinisubiri, sahani mkononi, na niliona kwamba nikisema hivyo atasema haya tu, atainuka kesho na kesho kutwa, na baada ya mwezi muuguzi atamtaka apande mizani tena. Nikamwambia akakae. Nikawachukua watoto jikoni.

Haikuwa kazi ya jioni moja, na sikuwa hodari. Kuna siku niliwalaza watoto wakiwa wamekula mikate mitupu, na siku nyingine mke wangu aliacha chakula chake akaja kuniokoa. Wenzangu wa chumba cha walimu waliposikia walisema nimerogwa na watu wa mpunga. Afande alinichungulia dirishani akanikuta na kitambaa cha mate cha mtoto begani. "Wee Mwalimu, umefukuzwa mezani?" "Ndiyo, afande," nikamwambia, "nimefukuzwa." Mwezi ulipoisha mke wangu alikwenda kliniki na kupanda mizani, na aliporudi hakunitajia uzito. Aliniambia tu kwamba muuguzi alimuuliza siku hizi nani anampikia, naye akajibu kwamba anajipikia mwenyewe kama zamani, ila sasa anakula.

Wewe unayesoma haya, kama u baba wa watoto wadogo, nina ombi moja. Jioni ya leo walishe wewe, kuanzia kijiko cha kwanza hadi kuwanawisha mikono, na mama yao usimwite hata mara moja.